Mama ntilie asogezwe wapi tena?

Wiki mbili zilizopita mshikaji wangu alinitumia picha ya menyu ya mgahawa mmoja mpya huko Masaki. Wali wa nazi, maharage, mchicha na kipande cha changu wa kukaanga: shilingi elfu ishirini na mbili. Chini yake wameandika kwa Kiingereza kwamba hicho ni chakula kama alichokuwa akikupikia bibi yako. Nikamjibu kwamba bibi yangu hakuwahi kunitoza pesa ya huduma. Tukacheka, yakaisha.

Ila baadaye yakanirudia kichwani. Sina ugomvi na mwenye mgahawa. Kama wapo watu wa kulipa elfu ishirini na mbili kwa ajili ya maharage, na auze tu. Niliokuwa nawafikiria ni sisi wenyewe, vijana wa mjini tuliosoma soma kidogo. Tumekuzwa na wali maharage wa gengeni, tumemaliza chuo kwa chapati maharage, hasa zile wiki ambazo boom limekata na tarehe ya jingine haijulikani. Siku hizi tukipata hamu ya ule msosi tunaufuata kwenye kiyoyozi na kuupiga picha kabla ya kuula. Sawa, kila mtu na hela yake. Lakini yule aliyetulisha miaka yote akiambiwa na mgambo aondoe masufuria yake, sisi hatumo. Tunapita zetu. Wengine tunasema afadhali, mji utapendeza.

Mimi nasema haupendezi. Na leo nitaeleza kwa nini, tena kwa kirefu, kwa hiyo kama una njaa nenda kale kwanza, utanikuta.

Tuanze na jina. "Mama ntilie" limetokana na "mama nitilie", maneno ya mteja mwenye njaa aliyeshika sahani yake. Siku hizi kwenye hotuba na nyaraka wanaitwa mama lishe, na wanaume wanaofanya kazi hiyo ni baba lishe. Waliolileta jina hilo nadhani walitaka kuwapa heshima. Mimi bado napenda lile la zamani, kwa sababu linasema wazi mwenye shida ni nani. Ni mteja. Kwenye "mama lishe" yule mama anageuka kama mradi fulani wa afya wenye bango na nembo.

Niliingia kwenye uandishi wa habari nikiwa mwandishi wa kujitegemea wa gazeti moja ambalo jina lake nalihifadhi. Tulilipwa kwa habari iliyotoka. Habari isiyotoka hailipwi, hata kama umepanda daladala nne kuifuata. Na ile iliyotoka nayo ililipwa pale mhasibu atakapojisikia. Mwezi wa habari nyingi ulikuwa wa nyama, mwezi wa habari chache ulikuwa wa maharage, na ipo miezi ambayo ilikuwa ya daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa la kawaida, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mama aliyekuwa akitupikia, kwenye kichochoro nyuma ya ofisi, aliliweka chini ya hotpoti ya chapati. Humo ndani hakuandika majina yetu halisi. Aliandika "Mwandishi", "Fundi friji", "Mlinzi wa benki", "Yule wa miwani". Mimi ndiye Mwandishi. Mazungumzo yetu mchana yalikuwa karibu yale yale kila siku:

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Wamewalipa?"

"Bado, mama."

"Haya kaa. Nyama au maharage?"

Aliniuliza nyama au maharage hata siku ambazo sote wawili tulishajua jibu. Sijawahi kujaza fomu kwa ajili ya deni lile, sikuwekwa na mdhamini, na riba hakuna. Alichojua kunihusu ni sura yangu na kwamba ningerudi kesho saa saba. Wenzangu waliokopa kwa njia ya simu wanajua tofauti ninayoisema. Ukichelewa kule, wanapigiwa mpaka mashemeji zako.

Na chakula sasa. Jamani. Nisiwe mtu wa kusifia umaskini, maana tunao wengi wa aina hiyo, wanaosema chakula cha barabarani kina "ladha ya maisha" halafu wanaondoka na gari. Hapana. Chakula kile kilikuwa kizuri kwa sababu mtu amekipika kwa saa nyingi, kwa mkono uliozoea. Maharage yalibandikwa alfajiri, sisi bado tumelala, na kufika saa sita yalishalainika mpaka rojo lake limekuwa zito lenyewe, halafu ndipo nazi ikaingia. Huwezi kupata rojo lile kwa haraka. Wali ulikuwa wa nazi Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa pilau. Pembeni mchicha uliokatwa membamba, kachumbari, kipande cha ndizi mbivu au tikiti kulingana na msimu, na pilipili ya kusaga kwenye kopo la siagi ambalo siagi yake iliisha enzi hizo. Ukimwambia "mama niongezee rojo", anaongeza. Rojo halilipiwi. Huko Masaki nasikia mchuzi wa ziada ni elfu mbili.

Halafu kuna ukoko. Mnaoujua mnaujua. Kufika saa nane na nusu wali umeisha, sufuria limebaki na ukoko wa nazi chini, wa rangi ya kahawia, na wale tuliochelewa kutoka kwenye mikutano ya waandishi tunaukwangua kwa kijiko. Nimekula kwenye hoteli kubwa kwa sababu ya kazi, semina hii na uzinduzi ule, na sijawahi kuona hoteli yenye akili ya kuuza ukoko.

Kila mtu na wake, najua. Yupo atakayesema chakula chake cha faraja ni zege, chipsi mayai lililokaangwa mbele yake usiku, kabati la kioo, taa moja, tomato ya chupa na kachumbari juu. Yupo wa supu ya pweza jioni, anakunywa amesimama, anaangalia pembeni kama hajulikani. Wapo wazee wa kahawa chungu na kashata. Mdogo wangu anaapa kwa mishkaki na kachori za migahawa ya zamani ya kule Kisutu, na akienda Unguja lazima ale urojo kabla hata hajasalimia ndugu. Simbishii. Ila utaona vyote hivyo vina kitu kimoja: vinaliwa pale pale watu walipo, bila kuvaa, bila kupanga, na anayeviuza anakujua uso.

Benchi nalo lina mambo yake. Mbao mbili za futi nane, meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, na humo wanabanana dereva wa bajaji, karani wa mahakama, kijana wa kuuza vocha, askari aliyevua kofia, na mhasibu wa gazeti letu mwenyewe (ndio, huyo huyo). Hakuna meza ya wakubwa. Ukikuta nafasi kati ya bosi na kuli, unasema "naomba nisogelee hapo" unakaa. Habari yangu ya kwanza kutoka ukurasa wa mbele niliipata hapo, dereva wa daladala akilalamika na tonge mkononi kwamba kituo chao kimehamishwa bila tangazo. Nilimaliza kula haraka siku hiyo. Niambie ni wapi tena katika jiji hili karani na kuli wanakaa bega kwa bega kwa dakika ishirini wakisikilizana. Kwenye foleni ya Mwendokasi wanasukumana tu.

Sasa tuje kwenye mambo ya mji kupendeza.

Mwaka 2018, Desemba, Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi elfu ishirini kila kimoja. Mama yetu alikinunua, akakivaa shingoni kwa kamba ya kijani kama mtu wa ofisini. Tulimtania sana. Kisha Oktoba 2021 ukaja utaratibu mpya: wafanyabiashara ndogondogo waondoke kandokando ya barabara, kwenye mitaro na mbele ya maduka, waende kwenye maeneo waliyopangiwa. Kichochoro chetu kilisafishwa siku mbili. Niseme ukweli, kwa watembea kwa miguu baadhi ya barabara zilikuwa zimeshazidi. Njia za waenda kwa miguu zilijaa viatu na masufuria, mlemavu wa kiti cha magurudumu alilazimika kushuka barabarani kwenye magari. Mtu aliyelalamikia hilo alikuwa na haki yake.

Ila mchuuzi wa viatu na mpishi wa wali si mtu mmoja. Kiatu mtu anaweza kukifuata Jumamosi. Njaa ya saa saba haisubiri Jumamosi, na mtu mwenye mapumziko ya nusu saa hawezi kutembea dakika ishirini kufuata maharage na ishirini kurudi. Mama yetu alipewa sehemu kwenye eneo ambalo lilikuwa zuri kwenye karatasi: limepangwa, lina mistari. Walaji hawakuwepo. Alipika kilo kumi za mchele akarudi na nusu. Kesho yake akapika tano. Mwezi haukuisha akaondoka.

Na hili si jambo geni. Jengo la Machinga Complex pale Karume lilikamilika mwaka 2010, na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu huku waliojengewa wakiendelea kuuza nje barabarani. Hawakuwa wakaidi. Walikuwa wanafuata wateja. Nenda Feri uone: samaki wanashushwa pale, wanunuzi wako pale, kwa hiyo wakaangaji nao wako pale pale, mafuta yanachemka toka asubuhi. Hakuna aliyehitaji kuwachorea mistari ili wajue pa kukaa.

Mama yetu sasa anapikia nyumbani. Anatuma hotpoti kwa bodaboda, unaagiza kwa simu kabla ya saa nne, unalipa kwa simu. Chakula ni kile kile, nakipata mezani kwangu, na mimi sina shida. Lakini nimehesabu nani hayupo kwenye orodha yake ya sasa. Mlinzi hayupo, kwa sababu bodaboda haiji kwa sahani moja. Kuli hayupo. Kijana wa vocha hayupo. Walioagiza kuanzia sahani tano kwenda juu ni ofisi tu. Wale waliokuwa wakila sahani ya elfu moja mia tano pamoja nasi wanakula mihogo ya kukaanga saa nne, na kingine tena usiku wakifika kwao Mbagala au Gongo la Mboto. Daftari nalo limekwisha, maana humkopeshi mtu usiyeiona sura yake.

Hiyo ndiyo hasara ninayoilalamikia. Mimi sikupoteza chakula. Waliokipoteza ni wengine, na mji ukaonekana msafi.

Najua jibu linalokuja: usafi, kipindupindu. Hoja ya kweli, tena mimi si wa kuipuuza. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam tuliandika habari za wagonjwa kila siku. Lakini tuangalie hatari yenyewe inakaa wapi. Maharage yaliyochemka tangu alfajiri na kupakuliwa ya moto hayakuui. Wa kuogopwa ni ile ndoo moja ya kusuuzia sahani mia, mikono isiyonawa, kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kubahatisha, kiporo cha jana. Karibu yote hayo ni habari ya maji. Mpishi asiye na bomba anabeba maji ya dumu, analipa kila dumu, kwa hiyo anayapima. Ungekuwa wewe usingeyapima? Sasa ukimhamisha kwenda sehemu nyingine isiyo na bomba umehamisha ndoo ile ile.

Singapore walikuwa na tatizo hili hili, wapishi wa barabarani maelfu, mitaro imeziba mabaki. Kati ya mwaka 1971 na 1986 serikali yao iliwahamishia wapishi hao kwenye masoko ya chakula yaliyojengwa kwa kazi hiyo, yenye maji ya bomba, umeme na mifereji ya maji machafu, mengi yakiwa katikati ya makazi ya watu. Leo yapo zaidi ya mia moja. Mwaka 2016 vibanda viwili vya chakula vya huko vilipewa nyota ya Michelin, ile wanayoililia wapishi wa Paris, na Desemba 2020 utamaduni wao wa kula humo ukaingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Sisemi tuige kila kitu, wale ni mji mmoja ndiyo nchi nzima na pesa wanazo. Ninachokiona ni mpangilio wao: bomba kwanza, karibu na walaji, ndipo mpishi ahame. Hata hapa kwetu, bustani ya Forodhani kule Unguja ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa tena 2009, na wauza vyakula vya usiku wakarudi pale pale baharini na meza zao. Bei za wageni zimepanda, kweli, lakini moshi wa mishkaki bado unapaa mahali pale pale.

Moshi. Hapa nitagombana na wapenzi wenzangu wa zamani. Wapo wanaosema wali bila mkaa si wali. Mimi nimemwona mama yetu macho yamekuwa mekundu, anakohoa mbele ya jiko la mkaa tatu kwa mpigo, na sikuona ladha yoyote humo. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Vizuri sana. Lakini mtungi mdogo wa gesi haupiki maharage ya sahani themanini. Kwa saa tatu za kuchemsha gesi inamla faida yote, ndiyo maana wengi wana mtungi wa kupashia na mkaa wa kupikia. Majiko ya presha ya umeme yapo, maharage yanaiva ndani ya saa moja kwa umeme kidogo tu. Sasa kichochoroni umeme autoe wapi, kama mwenyewe hatambuliki kuwa yuko pale?

Pesa ya kuanzia ipo kwenye sheria. Tangu 2018 halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarudishwa 2024. Mwanamke anayepika kichochoroni ndiye hasa aliyeandikiwa sheria hiyo. Mkopo wa jiko anaweza kuupata akiwa na kikundi. Asichoweza kukopa ni mita nne za kusimama karibu na watu wanaokula.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo tu. Kila jengo jipya la ofisi linalopewa kibali mjini lina maegesho ya magari, yamepangwa kwa hesabu, gari hili na hili. Humo humo itengwe sehemu ya wapishi watatu wanne, bomba, sinki, soketi, mfereji, benchi. Majengo ya serikali yaanze, maana walinzi na wafagizi wake nao wana matumbo. Kodi ya pango walipe, hakuna anayesema wakae bure, lakini iwe ya kulingana na sahani ya elfu mbili. Na sisi tunaofanya kazi ghorofani tuwaambie wenye majengo kwamba tunaitaka sehemu hiyo. Malalamiko yetu kuhusu lifti yanasikilizwa kesho yake. Sijaona mtu akilalamika kwa barua kwamba walinzi wa getini hawana pa kula.

Mhariri wangu wa sasa alipoisikia hoja hii alisema harufu ya dagaa itapanda mpaka kwenye chumba cha mikutano. Ipande. Mikutano itakuwa mifupi.

Nimalizie na shida binafsi. Tangu mama yetu aanze kupikia nyumbani ameacha makande, anasema hayasafiri vizuri, yanakauka njiani. Mwenye kujua makande ya maana upande wa Sinza au Mwenge, yale ya nazi, mahindi yamekobolewa vizuri, maharage mengi, na benchi la kukalia, anielekeze. Jumamosi saa saba niko huru.